Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uendelevu wa kampuni ya zawadi za maua na vyakula

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAZINGIRA NA VIKAPU VYA ZAWADI

Nimeisoma taarifa yenu ya mazingira yote, ukurasa kwa ukurasa. Mmeandika kuhusu taa za LED ofisini, karatasi mlizopunguza, miti mliyopanda na maboksi yanayoweza kurejelezwa. Ni kazi njema na sina nia ya kuibeza. Lakini mimi ni mpangaji maua, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, na katika taarifa nzima sikuona mahali palipoelezwa maua yenu yanatoka wapi, yanapuliziwa nini, wala yanasafiri vipi. Kampuni inayouza maua na chakula haiwezi kujipima kwa taa za ofisi. Uzito wa kazi yenu uko shambani, angani na jalalani, na huko ndiko ninakotaka hesabu ifanyike.

Naanza na jambo linaloniumiza zaidi. Zawadi inayowatambulisha ni kikapu kimoja chenye maua, matunda, biskuti na chokoleti. Matunda hayo yana sheria. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kiwango cha juu cha masalia ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, yanayoruhusiwa kubaki kwenye chakula. Maua hayana kiwango kama hicho, kwa kuwa hayaliwi. Kwa hiyo ua linaweza kufika ghalani kwenu na masalia ambayo yangelizuia tunda lisiuzwe, na bado likapita bila swali.

Watafiti nchini Ubelgiji waliwavisha wauza maua 20 glavu za pamba wakiwa kazini, kisha wakazipima glavu hizo maabara. Walikuta viambato 111 tofauti vya viuatilifu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Ninapoyasoma nawafikiria watu walioko mezani kwenu wiki ya Siku ya Wapendanao, wanaotoa majani ya chini na miiba tangu alfajiri, shina baada ya shina, wengi wao mikono mitupu. Halafu nafikiria ni mikono ya nani inayopanga zabibu na stroberi kwenye kikapu hichohicho.

Ninachowaomba hapa si kigumu. Pimeni maua yanapopokelewa, msingoje sheria iwalazimishe. Chapisheni matokeo, hata yale yasiyopendeza. Wapeni wafanyakazi glavu zinazofaa na sehemu ya kunawa kabla ya kula. Meza ya maua itengwe na meza ya chakula, na ndani ya kikapu pawe na kizuizi cha kweli kati ya petali na tunda. Kampuni inayouza maua peke yake inaweza kusema chakula hakiihusu. Ninyi hamwezi.

Kuhusu usafiri, wengi hudhani jibu ni jepesi, kwamba ua la karibu ni safi na la mbali ni chafu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza, uliotoka mwaka 2007, ulilinganisha mawaridi 12,000 ya Kenya na idadi hiyohiyo ya mawaridi ya Uholanzi. Ya Kenya, pamoja na safari ya ndege, yalihesabiwa kilo 6,000 za hewa ukaa. Ya Uholanzi yalifika kilo 35,000, kwa sababu vitalu nyumba vyake, yaani mabanda ya kioo au plastiki ya kukuzia mimea, hupashwa joto na kuangaziwa taa kwa nishati nyingi, ilhali kwenye nyanda za juu karibu na ikweta jua hufanya kazi hiyo bure. Hesabu ile ni ya zamani na teknolojia ya vitalu imebadilika tangu hapo. Lakini bado inatukataza kuandika "maua ya karibu" kwenye boksi na kuliona suala limekwisha.

Kwa waridi la mbali, mzigo mkubwa ni ndege, na huo unaweza kupunguzwa. Maua yanaweza kusafiri kwa meli ndani ya makontena ya baridi, yakiwa yamepoozwa mara tu yanapokatwa na kuwekwa karibu na nyuzi sifuri njia nzima. Kutoka Mombasa hadi Rotterdam ni safari ya takriban mwezi mmoja. Si kila aina huivumilia, lakini karnesheni na baadhi ya mawaridi huivumilia vizuri. Kinachotakiwa ni kupanga mapema, na hapo sioni udhuru wenu. Februari 14 haihami. Mnaijua tarehe hiyo mwaka mzima kabla, kisha mnaagiza kwa haraka kana kwamba imewashtukiza, na haraka hiyo ndiyo inayojaza ndege.

Kisha kuna sponji ya kijani, ile tunayochomekea mashina. Kila mpangaji maua anaijua, pamoja na vumbi lake linalobaki kwenye vidole na kwenye sinki. Hutengenezwa kwa fenoli na fomaldehidi, hutumika mara moja, na haiozi, bali husagika kuwa chembechembe za plastiki zinazoishia kwenye mifereji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Australia, walionyesha kwamba viumbe vidogo vya majini huzila chembe hizo, na kwamba kemikali zinazochuja kutoka humo huwadhuru. Hata sponji ya mimea waliyoipima, ile inayouzwa kama mbadala salama, ilichuja kemikali zilizowadhuru viumbe hao. Chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza, RHS, kiliiondoa sponji hii katika maonyesho yake kuanzia mwaka 2021, na maonyesho yakaendelea. Tuna wavu wa waya unaotumika tena na tena, tuna vibao vya misumari, tuna matawi yanayofumwa mdomoni mwa chombo. Ni kazi ya kufundishana kwa msimu mmoja. Kati ya yote ninayoandika hapa, hili halihitaji kamati wala mshauri.

Upande wa chakula nitakuwa mfupi, kwa kuwa wengine wanaujua kuliko mimi. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Kodivaa na Ghana, nchi zilizopoteza misitu mingi kwa kilimo hicho. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka mwagizaji aonyeshe shamba hasa ambako kakao imetoka na kwamba halikufyekwa msituni baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini ramani za mashamba mnaweza kuzidai leo kwa wanaowauzia chokoleti.

Jambo ambalo taarifa yenu haikuligusa kabisa ni siku inayofuata sikukuu. Shada lisilouzwa hutupwa likiwa na karatasi yake ya plastiki, utepe, sponji na waya, hivyo haliwezi kugeuzwa mboji. Vikapu vya chakula hutupwa kwa sababu tu riboni imeandikwa jina la sikukuu iliyopita, wakati biskuti zilizomo bado ni nzima. Umoja wa Mataifa, kupitia UNEP, shirika lake la mazingira, ulikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea majumbani, mahotelini na madukani. Kikifukiwa jalalani bila hewa, chakula hicho hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa hewa ukaa. Andikeni ni tani ngapi mlizotupa. Mkiandika chakula kilichotolewa kwa wahitaji, kitenganisheni na kilichokwenda jalalani, msivijumlishe.

Kuna hofu moja ninayo. Mkiyakubali haya yote, njia rahisi itakuwa kumwandikia mkulima orodha ya masharti mapya na kumwachia gharama. Mkulima anayepunguza viuatilifu, anayetunza maji ya ziwa linalomnyweshea na anayengoja meli badala ya ndege, anabeba hasara kabla hajaona faida. Msimbane bei wiki mbili kabla ya sikukuu kisha mkachapisha picha yake kwenye taarifa. Wekeni bei na mkataba wa zaidi ya msimu mmoja, na hayo nayo yaandikwe hadharani.

Naomba jibu lako kabla oda za Februari ijayo hazijatolewa, maana baada ya hapo maua yatakuwa yamekwisha pakiwa ndegeni.

Wako,
Mpangaji maua, na mteja wenu