Tuambiwe ukweli kuhusu mmiliki wa Manchester United

Mhariri,

Kila ukizuka uvumi wa kuuzwa Manchester United, vibanda umiza vya Kirumba hapa Mwanza hugeuka bunge. Juzi mechi iliisha, watu wakabaki wanabishana mpaka mwenye kibanda akatuzimia taa. Wengi wanaamini Jim Ratcliffe, tajiri wa Uingereza, ndiye mmiliki. Hapana, mwaka 2024 alinunua zaidi kidogo ya robo ya hisa, akakabidhiwa masuala ya soka. Wenye kura nyingi za wanahisa ni familia ya Glazer ya Marekani, iliyoichukua klabu mwaka 2005 kwa fedha nyingi za mkopo, kisha ikaitwisha klabu yenyewe deni. Hilo linatuuma sana. Kabla hamjaandika "tajiri mpya huyoo", tuelezeni nani anauza, hisa kiasi gani, na fedha zinatoka wapi.

Shabiki,
Kirumba, Mwanza