Anywe au asinywe?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nikiwa fundi mwanafunzi, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari yenu ya semina ya dawa za mitishamba iliyofanyika hapa Mwanza, mliyoipa kichwa cha habari kikubwa kwamba watu wa visiwani wanatumia dawa za asili vibaya kwa sababu "hawaelewi" wanachoambiwa redioni. Mwandishi wenu akawanukuu wataalamu, akaongeza la kwake kuhusu elimu ndogo, akafunga ukurasa. Hakuvuka maji kumsikiliza hata mmoja wa hao wasioelewa.

Mimi nimeshika redio miaka 34, kwanza kwenye mitambo ya kurushia matangazo, kisha kwenye kibanda changu karibu na soko la Mlango Mmoja. Nawaambieni watu hawa wanaelewa vizuri sana. Tatizo lao ni kwamba hawasikii, na kosa la kutosikia si lao.

Mwaka jana binti yangu aliyeolewa kisiwani Ukerewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Jioni moja akanipigia simu. "Shikamoo baba. Leo redio imesema mama mjamzito anywe mwarobaini kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mama mkwe ameshanichemshia." Nilihisi damu imenikauka. Kipindi hichohicho nilikuwa nimekisikiliza nyumbani Kirumba, nikiwa karibu na mtambo, sauti safi kama mtu amekaa kitandani kwangu. Mtangazaji alisema mama mjamzito ASINYWE. Nikamwambia mwanangu amwage. Alikuwa ameshakunywa vikombe viwili. Asubuhi nilipanda kivuko. Tulikwenda naye zahanati, akapimwa, na kwa rehema za Mungu mtoto alizaliwa salama. Lakini sikurudi mjini siku hiyo, kwa sababu nilitaka kujua ile "si" ilipotelea wapi. Jumamosi, wakati wa marudio ya kipindi, nilikaa barazani na redio yao. Ni kale ka redio ka betri mbili, antena ilishakatika, shemeji yake ameipachika spoku ya baiskeli, na betri huanikwa juani mchana ili zipate nguvu ya jioni. Nikaweka sikio karibu na spika. Chini ya sauti ya mtangazaji kulikuwa na muziki ambao kituo huuweka ili kipindi kichangamke. Juu yake ile mikwaruzo, shhh, shhh, inayopanda na kushuka. Ukafika muda wa tahadhari, dakika mbili za mwisho, mtangazaji akaanza kukimbia kwa sababu matangazo ya biashara yanasubiri. Mhariri, mimi niliyejua maneno yenyewe, mimi fundi, nilisikia kwa masikio yangu haya: "mama mjamzito a... nywe." Mama mkwe wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akaniangalia, hakusema kitu. Huyo ndiye mnayemwita asiyeelewa.

Naomba mnivumilie nieleze kitaalamu kidogo, maana semina nzima hakuna aliyeligusa hili. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha habari inachoweza kubeba, na kikomo hicho hutegemea nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele. Alionyesha pia kwamba lugha hujilinda kwa marudio yake yenyewe. Nikikuandikia "k-tabu" utajaza mwenyewe. Lakini "anywe" haina pengo la kujaza. Ni Kiswahili kamili, sentensi nzima, na msikilizaji hana dalili yoyote kwamba kuna kitu kimedondoka. Tena herufi iliyobeba katazo ni s, ambayo ni mlio wa juu unaofanana kabisa na kelele za redio zenyewe. Spika ndogo huila, mikwaruzo huifunika. Katazo lote la kulinda mimba limening'inizwa kwenye silabi moja iliyo dhaifu kuliko zote.

Kuna zaidi. Mwaka 1972 Thomas Cover wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kuhusu njia ya utangazaji, yaani mtu mmoja anaporusha ujumbe kwa wapokeaji wengi, mmoja anasikia vizuri na mwingine kwa shida. Mazoea yalikuwa kugawana muda: dakika hizi za huyu, dakika zile za yule. Cover akaonyesha kwamba ipo njia bora, nayo ni kupanga ujumbe kwa tabaka. Tabaka la chini ni la yule wa mbali, linarushwa kwa namna ambayo kelele haziliharibu. Juu yake unapandisha tabaka laini la yule wa karibu. Wa karibu hapotezi kitu, kwani chochote anachokipata wa mbali, yeye anakipata pia, halafu anaongezewa cha kwake. Hadi leo wanahisabati hawajapata jibu la jumla la kikomo cha njia za aina hii, lakini kwa hali kama yetu, ya mmoja mwenye sauti safi na mwingine mwenye sauti chafu, jibu lilishapatikana miaka hiyohiyo ya sabini.

Sasa tazama kipindi kile kilivyopangwa. Dakika zaidi ya 20 mtafiti alieleza azadirakitini, yaani kemikali iliyomo kwenye mwarobaini, jinsi wadudu wanavyoikimbia, jinsi inavyochujwa maabara. Ni elimu nzuri, mimi nilifaidika. Lakini ni tabaka la juu, na ndilo lililopewa muda, utulivu na sauti ya taratibu. Tabaka la chini, lile la nani atadhurika, likasukumwa mwishoni mbio mbio. Wakati hatari yenyewe si ya kubuni. Majaribio ya wanyama maabara yameonyesha kwamba mwarobaini unaweza kuharibu mimba, na mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo walioumia vibaya baada ya kunyweshwa mafuta yake.

Msinielewe kwamba napinga mitishamba. Kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali asili yake ni mmea. Tu Youyou wa Uchina, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliipata njia kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya nne, yaliyosema mmea wa qinghao ulowekwe kwa maji, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hayakutaja moto. Hapo akashtuka kwamba pengine joto ndilo lililokuwa linaua dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa nyuzi 35 tu, na kazi ikafaulu. Miaka 1,600 ile, maelekezo yale mafupi yalifika yakiwa mazima. Sisi tunashindwa kuvusha neno moja kutoka Mwanza hadi Ukerewe jioni moja!

Na nikiwa hapo hapo, niseme na hili la magari ya matangazo. Kila siku pale sokoni gari linapita na vipaza sauti viwili juu ya paa, linauza unga usiotajwa ni wa mti gani, dawa ya sukari, presha, uzazi, nguvu za kiume na kichocho. Kichocho! Ugonjwa ambao sisi wa kando ya ziwa tunajua vidonge vyake vinagawiwa mashuleni bure. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu mwaka 2002, inataka waganga na dawa zao vijulikane na kusajiliwa. Yule wa gari anasikika mtaa mzima bila mkwaruzo hata mmoja, anarudia jina la unga wake mara 10 kwa dakika, polepole, bila muziki chini yake. Kituo cha redio chenye wataalamu kinashindwa kutamka tahadhari mara tatu. Linaniuma kuliko hata lile la kwanza.

Ninachokiomba ni kidogo. Katazo lolote la dawa lisiwekwe kwenye "si". Badala ya "asinywe", mtangazaji aseme: "Mwarobaini ni hatari kwa mama mjamzito. Ni hatari. Unaweza kuharibu mimba." Neno hatari likimezwa na mikwaruzo, msikilizaji atajua kuna neno limekosekana, atauliza. Lisemwe mwanzoni, katikati na mwisho, muziki ukiwa umezimwa kabisa, na mtu asome kwa mwendo wa anayemwelekeza mgeni njia. Azadirakitini ifuate baadaye. Na kabla kipindi hakijarushwa, kituo kitume mtu na kinasa sauti hadi Ukerewe au Kome, akicheze karibu na redio ya betri mbili iliyoachwa kwenye mikwaruzo, na mama yeyote wa pale aandike kwenye karatasi alichosikia. Akiandika "anywe", kipindi kirudi studio.

Ile redio yenye spoku ninayo kibandani, nilimbadilishia mwanangu nyingine. Kituo chochote kinachotaka kuiazima kije Mlango Mmoja, nitaitoa bila malipo.

Wako,
Fundi redio mstaafu,
Kirumba, Mwanza