Wamenifanya nyapara

Oya Bonge mwanangu,

Mambo vipi huko Dar, mama na ule mguu anaendeleaje? Mpe shikamoo yangu. Mimi nipo, Dodoma ndo hii hii, upepo na vumbi, shati jeupe nimeshaachana nalo. Najua nimekaa kimya tangu ile siku ya stendi, usininunie, kuna kitu kinanikosesha usingizi na wewe ndo uliwahi kuifanya hii kazi.

Bosi kanipa uskramu masta, yaani niisaidie timu ya waandika programu ifuate Skramu, ule utaratibu wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi vifupi. Nikafurahi, hadi chipsi nikawanunulia watu. Kumbe kwa akili yake skramu masta ni nyapara! Kile kikao cha asubuhi cha dakika 15, ambacho madivelopa wanatakiwa wapange wenyewe siku yao, kwetu kinakula saa nzima, yeye kakaa kwenye kiti sisi tumesimama kama gwaride, halafu mimi niandike nani kachelewa nani hajamaliza. Nikamwambia mzee, mwongozo wa Skramu unasema timu inajiendesha yenyewe, mimi kazi yangu kuwaondolea vikwazo. Akanijibu, "sasa nakulipa kwa lipi?" Nikakosa cha kusema.

Halafu prodakti ona, yule msimamizi wa bidhaa, si anatakiwa awe mtu mmoja, sio kamati, ndo apange ile bakilogi, orodha ya kazi zinazosubiri, kipi kitangulie? Sisi tunao watatu. Asubuhi huyu anataka ripoti, mchana yule anataka rangi zibadilishwe, jioni bosi kapigiwa simu na mteja wa kule Mtumba basi sprinti nzima, kile kipindi cha kazi tulichokwisha kukipangia, inafumuliwa, na tuko saba tu!

Ila hayo nayavumilia. Kinachoniuma ni Mama Zabibu. Si unamjua Kijiti, programu anazoandika ni moto ila akikwama anakausha siku tatu, tunakuja kujua Ijumaa. Mama Zabibu yeye nusu saa tu utamsikia, "jamani hapa nimekwama, sielewi," mtu anasogea, kazi inaenda. Mimi ningeambiwa nichague wa kubaki naye, Kijiti angerudi kwao Nkuhungu. Sasa tangu nianze kushika lile daftari, Mama Zabibu kila asubuhi anasema "naendelea vizuri." Juzi nimekuja kugundua kakwama tangu Jumatatu. Anaogopa daftari. Ananiogopa mimi bwana, mtu tunayekula naye ugali sahani moja!

Nimeliacha daftari nyumbani siku mbili, nikamdanganya bosi limelowa chai. Kesho sijui nitasema nini.

Sasa niambie, wewe bosi wako ulimjibu nini alipokuuliza unalipwa kwa lipi? Nimrudishie cheo au ataona nina kiburi? Na Mama Zabibu nimwanzeje, nimuombe msamaha mbele za watu au pembeni? Wikiendi si udandie SGR uje, nyama choma juu yangu. Na ile elfu hamsini yangu vipi, au ndo iko bakilogi?

Wako,
Nyapara