Kwa vijana wa Tanga mnaosomea maji kwa satelaiti

Wanangu mlioko vyuoni,

Salamu kutoka Tanga. Nasikia siku hizi wengi wenu mnasomea haidrolojia, yaani elimu ya maji, na picha za satelaiti, nami nimefurahi, maana zamani mtu akisema anasomea mito aliulizwa atakula nini.

Picha hizo zisomeni sana. Kumbukumbu za Landsat, satelaiti za Marekani, zinaanzia 1972, na tangu 2008 hazilipiwi. Mawingu ya milima ya Amani yakikuudhi, satelaiti ya Ulaya Sentinel-1 ina rada inayoyapenya. Ila jueni zinapoishia. Pikseli ya mwenzake Sentinel-2, yaani nukta moja ya picha, ikiwa ndogo kabisa ni mita 10 kwa 10. Mto Zigi kule juu, chini ya miti, huuoni ng'o. Satelaiti za GRACE zilipima maji ya ardhini kwa mvutano wa dunia, lakini kwa maeneo ya mamia ya kilomita, kwa hiyo usiziulize habari za kisima cha Muheza.

Namba ya mtiririko mnayoilinganisha na modeli zenu za kompyuta haitoki angani. Inaanzia kwa mtu wa kijijini anayeshuka mtoni asubuhi na jioni, anasoma ubao wa kina uliosimikwa majini, anaandika daftarini. Na kina si mtiririko. Lazima mafundi waje na kipima kasi, wapime kina na kasi vipande vipande kutoka ukingo hadi ukingo, ndipo wachore mchoro wa kugeuza kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mafuriko yakichimba sakafu ya mto, au mchanga ukijaa, mchoro umeharibika: ubao unasoma vilevile, maji si yaleyale. Nimeshika tasnifu zenye ramani za kupendeza zilizosimama juu ya mchoro wa zamani, na hata msimamizi hakuuliza ulipimwa lini. Ulizeni nyinyi. Ulizeni pia msomaji wa ubao aliugua lini, maana mtakuta mwezi mzima kina hakijasogea hata sentimita moja, na mwezi wenyewe ni Aprili!

Watafiti wa ng'ambo watawatafuta. Wengine ni watu wema, ila wengi ni waja leo waondoka leo. Kazi ichukueni, lakini muandikiane mapema nani atachambua data na jina la nani litatangulia kwenye makala. Na hisabati na kuandika programu msivikwepe, la sivyo mtazeeka mkiwabebea wenzenu vyombo.

Jambo jingine, chagueni mto mmoja mkae nao. Shahada ya pili Rufiji, ya tatu Mara, halafu Ziwa Victoria kwa sababu mradi una fedha: hivyo mtu anapata vyeti tu. Mto Pangani peke yake unamtosha mtu maisha yake yote. Maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanafika kwenye mitambo ya umeme ya Hale, na mkondo ukipungua chumvi ya bahari hupanda mtoni kuwafuata wakulima wa huku chini.

Mkimaliza utafiti, andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili mwupeleke kule ubao uliko, mwusome pamoja na wanakijiji. Na kwenye shukrani za makala liwekeni jina la yule msomaji, jina lake kamili. Nimechoka kusoma “tunawashukuru wenyeji”.

Wenu,
Mzee wa Tanga