Mume naye apimwe

Mhariri,

Kila takwimu za uzazi zinapotoka, tunabishana kama wanawake wanazaa wengi mno au wachache mno. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wastani wa Tanzania ni watoto 4.8 kwa mwanamke, kutoka 5.2 wa 2015/16. Sawa, lakini wanaotafuta mtoto wakakosa, nani anawasemea?

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba maishani. Kwetu mzigo wote anatwishwa mke. Jirani yangu amezungushwa kwa waganga miaka nenda rudi, akanyweshwa kila aina ya mizizi, mawifi wakimwita tasa mbele ya wageni. Mumewe hajapimwa hata mara moja! Na kipimo chenyewe hakiumi: mwanamume anakaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, anatoa shahawa kwenye kikopo, kisha mtaalamu wa maabara anaangalia kwa hadubini wingi wa mbegu na mwendo wake.

Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasipotibiwa yanaweza kuziba mirija ya uzazi, na mke akitibiwa peke yake maambukizi yanaweza kurudi kutoka kwa mume.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe wenzi wote wawili wanaitwa kliniki tangu siku ya kwanza, na kipimo cha shahawa kipatikane hospitali za wilaya kwa bei anayoimudu mkulima.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga