Kiyoyozi katika Land Rover 109: Kwa Nini Tunaanza na Rejeta

Wateja wengi wanaotuletea pikapu za Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, huuliza kwanza bei ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi. Ni swali la haki, lakini kompresa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Gari hili liliundwa bila akiba ya nafasi, ya umeme wala ya upoozaji, na jua la Dar es Salaam la Januari na Februari hulifichua kila pungufu lililokuwa limejificha. Kwa hiyo sisi huanza na rejeta, na tukiiona haifai, hatufungi kiyoyozi mpaka itengenezwe.

Sababu yake ni hii. Kiyoyozi hulichukua joto lililomo ndani ya kebini na kulitoa nje kupitia kondensa, ambayo hukaa mbele ya rejeta, kwa hiyo hewa inayoifikia rejeta huwa imekwisha kupata moto njiani. Wakati huohuo injini huongezewa mzigo wa kuzungusha kompresa, na injini ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na takriban nguvu za farasi 62 tu ilipokuwa mpya. Rejeta iliyojazwa maji ya kisima kwa miaka mingi hujaa chokaa na kutu. Huweza kulivumilia gari lisilo na kiyoyozi, kisha ikalemewa katika foleni ya kwanza ya jioni, gari likachemsha, na lawama zote zikaangukia kiyoyozi. Ndiyo maana tunazibua au kubadilisha kiini cha rejeta, tunakagua pampu ya maji na themostati, kisha tunaongeza feni ya umeme kwenye kondensa na kuziba mianya ya pembeni ili hewa isipite kando. Mteja anayetaka feni hiyo iachwe ili apunguze gharama huwa tunamkatalia, kwa kuwa gari likisimama kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo wa kulisaidia.

Jambo la pili ni umeme. Alternata ambayo magari haya mengi yalitoka nayo kiwandani, Lucas 16ACR, hutoa ampea 34 kwa kiwango cha juu, tena injini inapozunguka kwa kasi. Feni ya ndani, feni ya kondensa na klachi ya kompresa kwa pamoja huweza kutumia ampea 25 au zaidi. Ukiwasha taa kubwa na waipa usiku wa mvua, hesabu imekwisha kukataa. Tunafunga alternata ya ampea 60 au zaidi, tunabadilisha waya unaotoka humo kwenda kwenye betri, na kila feni hupewa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake.

Kompresa yenyewe huhitaji puli ya ziada mbele ya injini na kishikio cha bamba nene. Puli zisipokaa katika mstari mmoja, mkanda huliwa upesi, na kelele zake mtazisikia kabla hamjafika nyumbani.

Ndani ya kebini, boksi lenye evaporeta, sehemu inayopooza hewa ya kebini, na feni yake huning'inia chini ya dashibodi, katikati, na anayekaa kiti cha kati hupungukiwa nafasi ya magoti. Hilo hatuwezi kulikwepa. Tunalohakikisha ni kwamba gia ya kirungu chekundu (ya mwendo mzito na mwepesi) na ile ya kirungu cha manjano (ya kuendesha magurudumu manne) zinasogea bila kugusa kitu, na kwamba mpira wa kutolea maji una mteremko wa kutosha, maana katika unyevunyevu wa pwani maji yanayojikusanya kwenye evaporeta ni mengi, nayo yasipotoka huishia miguuni mwa abiria. Kisha tunaziba vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, tunabadilisha mipira ya milango, na kubandika mikeka ya kuzuia joto darini na kwenye ukuta wa injini. Kazi hii haionekani, na wengine huiona ya anasa, lakini paa la alumini lisilo na bitana hupitisha joto kiasi kwamba kiyoyozi kizuri huonekana kibovu.

Gesi tunayotumia ni R134a. R12 ya zamani iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha kufikia mwaka 2010. Kabla ya kujaza, tunauvuta mfumo kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa ili kuondoa hewa na unyevu, kisha tunauacha ukiwa umefungwa huku tukiangalia geji kama kuna uvujaji. Michanganyiko ya gesi inayowaka, ya jamii ya gesi ya kupikia, hatuijazi hata ikiletwa na mteja mwenyewe. Ikivuja ndani ya kebini, cheche moja inatosha.

Baada ya kukabidhiwa gari, fungua madirisha kwa dakika chache ili joto lililojikusanya litoke, ndipo uwashe kiyoyozi. Hata katika miezi ya baridi, kiwashe dakika kumi kila wiki, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na sili ya shafti isiyopata mafuta hukauka na kuanza kuvuja.