Mgeni aanzie kwenye mchanga, meli ije baadaye

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo, maana hili jambo limenikaa moyoni toka nilipopanda kutoka majini na sioni mtu analisema.

Kuna hii tabia ya kudhani meli iliyozama kina kifupi, mita 5 mpaka 12 hivi, ni ya wanaoanza kuzamia. Maji vuguvugu, mwanga upo, hewa ya mtungi inakaa muda mrefu kuliko huko chini, basi mtu kamaliza mafunzo juzi leo anashushwa kwenye meli. Mimi nasema hapo ndo pagumu. Ukishuka toka juu mpaka mita 10 presha inakuwa mara mbili, hewa iliyomo kwenye jaketi, lile la kumsaidia mzamiaji kuelea, inabaki nusu, na ukipanda inarudi kuvimba vilevile, wakati toka mita 20 kwenda 30 mabadiliko ni madogo zaidi. Kwa hiyo mgeni akivuta pumzi kubwa anapaa, akiitoa anadidimia, na mawimbi nayo yanamsukuma huku na huku maana kina kile bado yanafika na nguvu zake. Akiona anayumba anashika kitu, na kitu kilicho karibu ni meli.

Nilikuwa nyuma ya kijana mmoja. Alishika reli ya deki ikameguka, bamba la kutu kama kiganja, likaondoka na tumbawe lililokuwa limeota juu yake, na matumbawe mengi kwa mwaka mzima hayaongezeki hata sentimita chache. Pembeni ya vidole vyake, haifiki shubiri, alikuwa amelala yule samaki wa miiba ya sumu anayefanana kabisa na jiwe lililoota ukoga. Mimi nilimwona kwa sababu jicho lake lilicheza. Nikamvuta kijana mkono taratibu, nikamwonyesha, akakaa anamtazama muda mrefu bila kutikisika.

Simlaumu hata kidogo. Kiongozi wetu alikuwa keshaingia chumba cha mizigo na wengine watatu, tochi moja. Mapovu yao yalijikusanya darini yanang'aa kama zebaki, na hewa ikinaswa mle ndani inazidi kukilisha chuma kutu. Alafu mmoja akapiga mapezi ya miguuni karibu na sakafu, tope likanyanyuka, mlango ukapotea. Walitoka wazima, namshukuru Mungu, lakini walitoka kwa kupapasa.

Na boti yetu muda wote huo ilikuwa imefungwa kwenye mlingoti wa meli yenyewe, kila wimbi likiinyanyua kamba inavuta chuma kilichokaa kwenye chumvi miaka na miaka.

Kuna wanaosema ni chuma chakavu tu. Pale Tulamben, kwenye kisiwa cha Bali huko Indonesia, kuna meli ya Marekani inaitwa Liberty, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani mwaka 1942 ikaburutwa mpaka ufukweni, ikakaa pale hadi mlima Agung ulipolipuka 1963 mtikisiko ukaiteremsha baharini. Leo sehemu yake ya juu iko kama mita 5 tu kutoka usoni mwa maji, imejaa matumbawe na sifongo na samaki wa kila namna, na watu wanatoka mbali kwenda kuiona. Chuma chakavu ndo hicho.

Ninachoomba kwa wanaopeleka watu si kikubwa. Mgeni ashushwe kwanza kwenye mchanga mtupu, aelee palepale bila kushika kitu mpaka pumzi yake itulie, hata ikichukua mtungi mzima. Kuingia ndani asiingie kabisa mpaka afundishwe na awe na tochi yake. Na liwekwe boya la kudumu lenye uzito wake chini, mbali kidogo na meli, boti zifungwe hapo. Siku ile tulipopanda, boti nyingine ilikuwa inasubiri tuondoke ifunge kamba kwenye mlingoti uleule.

Ni mimi msomaji wenu, mzamiaji.